Deni halikemewi, linalipwa

Kwenye mkesha wa mwaka mpya kuna mstari ambao haukosi: "Nawe utakopesha mataifa mengi, wala hutakopa wewe." Ni Kumbukumbu la Torati 28:12. Amina zinapigwa hadi mabati yanatetemeka. Wiki moja baadaye baadhi ya waitikiaji wale wale wanakaa mbele ya meza yangu wakiomba mkopo wa ada na sare, maana mimi ni mtunza hazina wa kikoba cha usharika wetu. Siwacheki. Upande ule wa meza nimeshaukalia. Ila miaka niliyoshika lile daftari imenionyesha kwamba katika kutuzamisha kwenye deni mshahara mdogo una msaidizi wake, nao ni mambo tunayoyaamini kuhusu deni, mengine tukiwa tumeyaokota kanisani kwenyewe.

"Deni ni roho, mtu anahitaji kufunguliwa"

Nimeshuhudia mtu akiandika jumla ya madeni yake kwenye karatasi na kuipeleka madhabahuni ikaombewe. Ilikuwa na jumla tu, bila jina la hata mmoja anayemdai. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu deni lina mwenyewe, na mwenyewe huyo naye ana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha. Ukishaligeuza deni kuwa pepo, anayekudai anakuwa adui wa kiroho, na simu yake inazimwa kwa jina la Yesu.

Wanaofundisha hivi hupenda habari ya mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Isome tena, polepole. Elisha hakumlaani mdai wala hakulifunga deni. Alimuuliza mama yule ana kitu gani nyumbani. Kisha akamtuma akaazime vyombo kwa majirani (aliyezama kwenye deni anaambiwa aazime tena, jambo linalonifurahisha kila ninapolisoma). Mafuta yakafurika hadi vyombo vikaisha, halafu likaja agizo: nenda kauze, ulipe deni, kinachobaki uishi nacho wewe na wanao. Muujiza ulipitia sokoni, na mdai akapata chake.

Maombi yana kazi yake. Mimi niliomba sana nipate ujasiri wa kumpigia mtu niliyekuwa nikimkwepa hadi njia ya kwenda dukani nikaibadilisha. Kwenye kikoba chetu, anayekuja kabla ya siku ya rejesho na kusema "mwezi huu nimekwama" hupangiwa upya, mara nyingi bila hata faini. Anayejificha hufuatwa nyumbani na watu sita.

"Biblia imekataza kukopa"

Aya inayotumika ni Warumi 13:8, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Aya inayoitangulia inazungumzia kodi na ushuru: kila mtu apewe haki yake. Paulo anawaambia Warumi wasibaki na cha mtu mkononi. Zaburi 37:21 nayo haimlaumu kila mkopaji. Inamtaja anayekopa asilipe. Na Mithali 22:7, "akopaye ni mtumwa wake akopeshaye", ni onyo la mtu mzima aliyeyaona maisha, kama bibi anavyokuonya kuhusu mto wenye mamba. Hasemi usivuke.

Kinachonishangaza ni kwamba maandiko mengi kuhusu mikopo humlenga mkopeshaji, na hayo hatuyahubiri. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni sawa na kuchukua uhai wa mtu: bila jiwe hakuna unga. Leo jiwe la kusagia ni kadi ya benki. Mwalimu au mstaafu anakopa kwa mtu mtaani, anaacha kadi pamoja na namba ya siri, na siku fedha ikiingia mkopeshaji ndiye wa kwanza kwenye mashine. Baadhi ya wakopeshaji hao Jumapili wanakaa viti vya mbele.

Nehemia alikutana na hali hii Yerusalemu. Katika sura ya 5 watu wameweka rehani mashamba na mizabibu ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingia utumwani. Anakasirika, anawaita wakuu na kuwaagiza warudishe mashamba pamoja na "sehemu ya mia" waliyokuwa wakitoza. Wafasiri wengi wanaielewa kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ule ule wa imani tunayoikiri, katika kanuni yake ya 17 uliamuru makleri waliokopesha kwa sehemu hiyo ya mia waondolewe kwenye utumishi.

Asilimia 1, na Nehemia akawaka. Mkopo wa mtaani tunaouita kausha damu hutozwa hata asilimia 20 kwa mwezi na hakuna anayeshtuka. Ukichukua 500,000 ukawa unamudu riba peke yake, baada ya miezi 10 umeshatoa 1,000,000 na ile 500,000 iko pale pale. Wakopeshaji wadogo wenye leseni, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wamewekewa na Benki Kuu ya Tanzania ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na kibali. Swali la kama mkristo aruhusiwe kukopa naliona dogo kuliko swali la anakopa kwa nani.

"Nikipanda mbegu, Mungu atalifuta deni"

Hapa naandika kwa tahadhari, kwa kuwa mimi mwenyewe natoa fungu la kumi na sina mpango wa kuacha. Ninachokipinga ni kutoa fedha ambayo tayari ina mwenyewe. Nimeona watu wakichukua mkopo wa simu asubuhi ya Jumapili ili watimize ahadi ya ujenzi, huku mwenye nyumba hajalipwa tangu miezi miwili.

Paulo aliwachangisha Wakorintho kwa bidii, lakini aliweka kipimo: nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Na Daudi, alipotaka kujenga madhabahu kwenye kiwanja cha Arauna, akapewa bure kiwanja na ng'ombe, alikataa. Hakutaka kumtolea Mungu kisichomgharimu kitu. Alilipa shekeli 50 za fedha, kisha ndipo akatoa sadaka (2 Samweli 24). Mpangilio huo naupenda: kwanza Arauna amelipwa, halafu madhabahu.

Lawama isiangukie waumini peke yao. Pale majina ya walioahidi yanaposomwa kwa sauti pamoja na viwango vyao, na ambao hawajamaliza wanaambiwa wasimame, watu watakopa. Ni aibu tu inayowasukuma.

"Kumkatalia mpendwa dhamana ni kukosa upendo"

Niliwahi kumwekea sahihi mwenzangu wa kwaya. Alihamishwa kikazi, na rejesho lake nikalilipa mimi kwa miezi saba. Tukikutana kwenye mikutano ananisalimia "Bwana asifiwe, mtumishi" kwa uchangamfu ambao hadi leo sijui niujibuje.

Wengi hawaelewi dhamana inavyofanya kazi. Wanadhani ni kuthibitisha tabia ya mtu, kama barua ya serikali ya mtaa. Ukweli ni kwamba umekopa pamoja naye, isipokuwa fedha hujaiona. Kwenye vikoba vingi mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mkopaji, na akishindwa hisa zake zikiisha, zinaguswa za wadhamini. Mithali 22:26-27 inawaambia wasio na cha kulipa wasiingie dhamana, kwa nini mtu aje akuondolee kitanda unachokilalia? Ni mahali pachache Biblia inapoingia chumbani kwa mtu namna hiyo.

Lakini Paulo huyo huyo alimdhamini Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Kwa Filemoni aliandika kwamba kama kuna kitu unachomdai, kiandike juu yangu, na kwa mkono wake mwenyewe akaongeza, "mimi nitalipa". Hakusema "atalipa, namfahamu". Tangu yale ya mwanakwaya nimejiwekea sharti hilo: nadhamini kiasi ambacho niko tayari kukitoa mfukoni, na zaidi ya hapo namwambia mtu usoni kwamba sina uwezo. Wawili wamenuna.

"Asilimia 3 ni asilimia 3"

Hapana. Chukua 1,200,000 kwa miezi 12, unarudisha 100,000 ya mkopo kila mwezi pamoja na riba ya asilimia 3. Riba ikihesabiwa kwenye kiasi cha mwanzo, ni 36,000 kila mwezi hadi mwisho, jumla 432,000. Ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, mwezi wa kwanza ni 36,000, wa pili 33,000, hadi wa mwisho 3,000, jumla 234,000. Tofauti ni 198,000, na karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 3. Muulize afisa mikopo swali moja kabla ya kalamu: riba inapungua au haipungui?

Ujanja wa jina "ada" ni huo huo. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu ya Kenya iliyozinduliwa 2012, ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa na kurudisha hivyo kila mwezi, mwaka mzima ni asilimia 90 ya fedha uliyoizungusha.

Mengine, kwa haraka

Daftari la mangi, yule mwenye duka la mtaani, ni deni. Sukari, mafuta na vocha za mwezi mzima zikijumlishwa ndipo mtu anapojua mshahara wake ulikokuwa unakwenda.

Kuweka akiba si kukosa imani. "Msisumbukie ya kesho" inahusu hofu. Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba ya shibe, na alikuwa ameambiwa na Mungu mwenyewe kitakachotokea.

Kadi ya mchango wa harusi haikulazimishi kutoa kiwango cha kamati. Na bwana harusi anayekopa ili kuziba pengo la bajeti asome Luka 14:28, ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara, kabla hajalipia ukumbi.

"Anza na deni lenye riba kubwa"

Kihesabu ni ushauri sahihi, na mimi huutoa. Mwaka jana alikuja mama mmoja, baada ya kuzunguka sana, tukaandika madeni yake yote mezani. Yalikuwa manane, kausha damu ikiwa juu. Nikamuuliza kama kuna mtu tumemsahau. Akanyamaza, akakunja kitenge chake, akasema: dada wa kazi. Mishahara ya miezi mitatu, 80,000 kila mwezi. Hakuwahi kutoza riba wala kupiga simu, kwa hiyo hakuonekana kwenye orodha. Mambo ya Walawi 19:13 haitaki ujira wa kibarua ulale kwako usiku kucha hadi asubuhi, na huyu alikuwa analala chumba cha jirani na ujira wake.

Tulimwandika namba moja, 240,000. Kausha damu ilisubiri wiki mbili, na faini yake tukailipa.