Ndege kupoteza mwelekeo baada ya kutua

Magazeti huandika "ndege yaacha njia" vile vile yanavyoandika habari za basi. Lakini basi huongozwa na tairi safari nzima. Ndege kubwa hugusa lami ikikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kisha hubadilisha kiongozi huku mwendo ukipungua, na hatari iko hapo.

Ikiwa hewani, pua yake hugeuzwa kushoto au kulia na usukani, lile bapa lililosimama mkiani, ambalo rubani hulichezesha kwa miguu. Jina ni la jahazini, na kazi ni ile ile. Nahodha anajua kuwa chombo kisicho na mwendo hakisikii usukani, mpaka maji yapite. Ndege nayo inataka hewa ipite. Kadiri mwendo unavyopungua, usukani unalegea, na kazi inahamia kwenye breki na gurudumu la mbele. Lami ikiwa kavu, abiria hajui hata kama kuna kilichobadilika. Lami ikiwa na maji au theluji, usukani unachoka kabla tairi hazijashika. Upepo wa ubavuni nao ukiwapo, unausukuma mkia, na pua inageukia unakotoka upepo.

Ndege ndogo zenye gurudumu dogo mkiani ni wepesi zaidi wa kugeuka, kwa sababu uzito wake mwingi uko nyuma ya magurudumu makuu. Ni kama kusukuma mkokoteni ulioelemewa nyuma: ukianza kwenda upande, mzigo unauongezea kasi ya kuzunguka.

Mfano unaonifundisha mimi zaidi ni wa LaGuardia, New York, Machi 5, 2015. Ndege ya Delta aina ya MD-88 ilitua kwenye theluji. Rubani akavuta injini zisukume kinyume ili kupunguza mwendo, jambo la kawaida kabisa. Ila injini za MD-88 ziko huku na huku ya mkia. Zikisukuma kinyume kwa nguvu, zinavuruga hewa inayopaswa kuufikia usukani. Kampuni iliwaelekeza marubani walenge 1.3 kwenye kipimo cha nguvu ya injini (EPR), njia ikiwa ya namna hiyo. Injini zote mbili zilipita 1.9. Pua ikaanza kwenda kushoto. Rubani akakanyaga kulia, lakini bapa la mkiani halikuwa na hewa ya kulisukuma. Msaidizi wake akamwambia aondoe msukumo wa kinyume, naye akauondoa, ila ndege ilikuwa imeshakwenda.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilikitaja hicho hicho kuwa chanzo: msukumo wa kinyume uliozidi uliudhoofisha usukani.

Ndiyo maana dawa yake ni ngumu kwa mwanadamu. Ndege ikianza kuserereka kwenda pembeni, mwili wote unataka kuisimamisha. Rubani anatakiwa afanye kinyume: alegeze breki, apunguze msukumo wa kinyume, aache usukani na tairi zishike tena, airudishe ndege katikati, kisha ndipo aanze upya kuisimamisha. Na hayo yote ayafanye kwa sekunde chache, huku njia ikimwishia mbele.

Ndege ile ya LaGuardia ilivunja uzio na kusimama juu ya tuta, pua ikining'inia kuelekea maji ya ghuba ya Flushing. Watu wote 132 walitoka hai.