Si njaa inayommaliza misuli mgonjwa wa ICU
Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: mgonjwa akikonda ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ujue wauguzi wamemnyima chakula. Sivyo. Kwenye sepsisi, yaani mwili unapolemewa na maambukizi, mwili wenyewe huvunja protini ya misuli ili upate malighafi ya kupambana, na kulala bila kujongea huongeza kasi. Msuli wa paja unaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya siku 10, hata chakula kikipita kwenye mpira wa puani. Ukifunua shuka ukakuta mguu wa mama umebaki mfupa, shaka lazima ikuingie. Mwombe muuguzi akuonyeshe chati ya lishe: kiasi na saa huandikwa humo. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze.