Serampore, mji wa wachonga herufi

Neno letu "chapa" lilitufikia kutoka Bara Hindi. Wabengali husema chhapa, na kiwanda cha kuchapia vitabu wanakiita chhapakhana. Kazi yangu ni kuchunguza historia ya uchapaji, na kila ninapofuatilia jinsi lugha za Asia zilivyoingia vitabuni hujikuta nimerudi kwenye mji uleule mdogo kando ya mto Hooghly: Serampore, au Srirampur kama wenyeji wanavyouita.

Mji uko ukingo wa magharibi, kilomita zaidi ya 20 kaskazini mwa Kolkata. Ng'ambo yake ni Barrackpore, palipokuwa na kambi ya jeshi la Waingereza na nyumba ya mapumziko ya gavana mkuu wao. Kivuko huchukua dakika chache tu. Lakini kwa miaka 90 mto huo ulikuwa mpaka wa dola mbili, na humo ndimo ilimo habari yote ya Serampore.

Mwaka 1755 Wadenmarki walipata kibali cha Nawabu Alivardi Khan, mtawala wa Bengal, wafungue kituo cha biashara hapo. Waliuita mji Frederiksnagore kwa heshima ya mfalme wao, Frederik wa Tano, wakawa wananunua vitambaa vya pamba na hariri. Nguvu za kuulinda hawakuwa nazo. Vita vya Ulaya vilipopamba moto Waingereza waliuteka mara mbili, na mara ya pili wakaukalia tangu 1808 hadi 1815. Mwaka 1845 Denmark iliwauzia moja kwa moja.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki haikuwataka wamisionari katika himaya yake, kwa hofu kwamba mahubiri yangewaudhi wenyeji na kuivuruga biashara. Kwa hiyo Januari 1800 William Carey, aliyewahi kuwa fundi viatu, alihamia Serampore chini ya bendera ya Denmark na ulinzi wa gavana Ole Bie. Waliomtangulia kufika pale ni Joshua Marshman, mwalimu, na William Ward, mpiga chapa. Watu hao watatu vitabu vya historia vimewaimba vya kutosha. Mimi nataka nikae na fundi aliyewawezesha.

Panchanan Karmakar, mchonga herufi wa kiwanda chao cha uchapaji, alikuwa Mbengali wa ukoo wa wahunzi. Jina Karmakar lenyewe maana yake ni mhunzi. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na Charles Wilkins kutengeneza herufi za sarufi ya Kibengali iliyochapwa mji wa Hooghly mwaka 1778. Fikiria kazi yenyewe. Herufi huchongwa kinyumenyume kwenye ncha ya chuma cha pua, kwa tupa na patasi ndogo. Ncha hiyo hugongwa kwenye kipande cha shaba, ikaacha alama. Shaba hiyo ndiyo kalibu. Humiminiwa risasi iliyoyeyushwa, na herufi inatoka. Sisi tunaoandika kwa herufi za Kilatini tunamaliza na vipande vichache. Kibengali huunganisha konsonanti zikazaa umbo jipya kabisa, kwa hiyo fundi huchonga maumbo kwa mamia, na kila moja lazima likae sawa na mwenzake kwenye mstari. Agano Jipya la Kibengali lilitoka mwaka 1801. Karmakar alipofariki, miaka michache baadaye, mkwewe Manohar aliendelea na ufundi huo.

Usiku wa tarehe 11 Machi 1812 kiwanda kiliungua. Karatasi zilikwisha, herufi zikayeyuka zikawa madonge, na mswada wa kamusi kubwa ya lugha nyingi aliyokuwa akiiandika Carey ukateketea. Walipofukua majivu wakazikuta zile ncha za chuma na kalibu zake zikiwa nzima. Madonge ya risasi yakayeyushwa upya, na baada ya majuma machache tu herufi zilikuwa zinamiminwa tena. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote wa mahali ilipokuwa hazina ya kiwanda kile: katika kazi ya mikono ya wahunzi. Mei 1818 kiwanda kikaanza kutoa Samachar Darpan, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kibengali, na mwaka huohuo chuo cha Serampore kikaanzishwa.

Walipoondoka Wadenmarki, mji uligeuka haraka. Reli kutoka Howrah, mji unaotazamana na Kolkata, ilipita hapo mwaka 1854. Mwaka uliofuata kiwanda cha kwanza cha kusokota juti India kilifunguliwa Rishra, jirani kabisa upande wa kusini, na Serampore ikapata chake mwaka 1866. Juti ni mmea wa nyuzi kama katani yetu, ila ni laini zaidi. Ndizo nyuzi za gunia, na neno gunia nalo lina asili ya Bara Hindi. Wafanyakazi walimiminika kutoka Bihar na Orissa, na hadi leo ukipita mitaa ya karibu na viwanda utasikia Kihindi kikichanganyika na Kibengali.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba mji ulizaliwa na wageni. Katika mtaa wa Mahesh sherehe ya gari la Jagannath, mungu wa Wahindu, inahesabiwa kuwa imefanyika tangu 1396, miaka zaidi ya 350 kabla ya Mdenmarki wa kwanza kutia nanga. Gari linalovutwa sasa ni la chuma, la mwaka 1885, lina urefu wa futi 50 kwenda juu, na umati mkubwa hulivuta kwa kamba.

Kanisa la Mtakatifu Olav, lililokamilika mwaka 1806, limekarabatiwa vizuri hata likatunukiwa tuzo ya UNESCO mwaka 2016. Hoteli ya zamani ya Wadenmarki kando ya mto nayo imefufuliwa, na sasa watu wanakunywa chai mlemle. Asubuhi treni za Howrah hujaa wafanyakazi wa maofisini mpaka milangoni. Nikiwa kule hupenda kuvuka kwa kivuko kutoka Barrackpore jioni, wao wakirudi, mnara wa kanisa ukitangulia kuonekana juu ya miti.