Gauni, waridi na marijani: tunavyokosea kusoma picha za kuchorwa za watoto wa karne ya 19

Dhana: Mtoto aliyevaa gauni ni msichana.

Ukweli: Marekani na Ulaya wakati ule, wavulana nao walivaa magauni tangu wachanga, wengine mpaka wakafika miaka 6 au 7, ndipo wakavishwa suruali. Gauni lilirahisisha kubadilisha nepi, na halikumbana mtoto upesi alipozidi kukua. Basi usihukumu kwa nguo, tazama mikono. Mjeledi, nyundo au ringi ya kusukuma kwa kijiti kwa kawaida ni vitu vya mvulana. Mwanasesere ni wa msichana. Nywele nazo husaidia: zilizochanwa njia katikati mara nyingi ni za msichana, za ubavuni ni za mvulana.

Dhana: Mtoto aliyeshika waridi alichorwa akiwa ameshafariki.

Ukweli: Hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana inawazika watoto waliokuwa wazima. Ni kweli kwamba picha za marehemu zilikuwapo, na nyingi. Dondakoo na homa ziliua watoto wengi, na mzazi aliyefiwa aliweza kumwita mchoraji kabla ya maziko. Mchoraji Joseph Whiting Stock wa Massachusetts, Marekani, aliyeandika kazi zake kwenye daftari, alitaja humo picha kadhaa za namna hiyo. Ua lililoinamishwa chini au lililovunjika bua linaweza kuashiria msiba. Lakini waridi peke yake lilikuwa pia alama ya uzuri na utoto. Bila kumbukumbu za familia au kaburi lenye tarehe, tusimtangaze mtoto wa watu kuwa marehemu.

Dhana: Shanga nyekundu shingoni ni pambo tu.

Ukweli: Mtazame yule msichana katika picha ya mchoraji Mmarekani Ammi Phillips, iliyochorwa kati ya 1830 na 1835: gauni jekundu, paka mweupe mikononi, mbwa miguuni, na shingoni nyuzi za shanga za marijani, yaani matumbawe mekundu ya baharini. Tangu enzi za Warumi marijani iliaminiwa kumkinga mtoto na maradhi na jicho baya, kama hirizi afungwayo mtoto huku pwani. Wenye uwezo waliwanunulia vichanga njuga za fedha zenye kengele ndogo na kipande cha marijani, mtoto akitafune meno yanapoota.