Je, wajua kwa nini dume mdogo anaweza kumpa mtamba ndama mkubwa?

Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, anapofikia kupandishwa, ushauri wa kwanza kutoka kwa majirani huwa ni huu: mtafutie dume mwenye umbo dogo, ndama atakuwa mdogo, atazaa salama. Ushauri huo umewaponza mitamba wengi. Kinachomtesa mtamba ni kilo za ndama siku ya kuzaliwa, na kilo hizo hazisomeki kwenye mgongo wa baba yake. Kuna madume wakubwa ambao ndama wao huzaliwa wepesi, kisha hukua kwa kasi. Kuna pia dume aliyedumaa kwa sababu alinyimwa maziwa utotoni au aliugua ndigana kali. Udogo wa aina hiyo haurithiwi. Anachorithisha ni vinasaba vya umbo kubwa ambalo yeye mwenyewe hakulifikia.

Fikiria kitanda kinachopitishwa mlangoni. Kitanda ni ndama, mlango ni nyonga ya mtamba. Dume huchangia nusu ya vinasaba vya kitanda: uzito, upana wa mabega, hata urefu wa mimba, na siku chache za ziada tumboni humwongezea ndama uzito. Dume hahusiki kabisa na mlango; huo umetokana na wazazi wa mtamba na malisho aliyopata. Lakini ndama huyo akiwa jike, atakua na kubeba mimba yake, na sasa yeye ndiye mlango. Hapo ndipo jambo hili linapovutia zaidi: dume mwenye sifa ya kutoa ndama wembamba anaweza pia kutoa mabinti wenye nyonga finyu. Ndiyo maana orodha nzuri za madume huwa na takwimu mbili za wepesi wa kuzaa, moja ya ndama wake na nyingine ya mabinti zake wanapozaa. Kwa mtamba wa leo, tazama ya kwanza. Ukikusudia kubakiza majike, soma zote mbili.

Takwimu hizo hutokana na uzazi halisi uliopewa alama, kwa kawaida 1 hadi 5, ambapo 1 ni kuzaa bila msaada. Angalia mwelekeo wake. Kwa ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein wa Marekani, namba ni asilimia ya uzazi mgumu unaotarajiwa kwa mitamba, hivyo ndogo ndiyo bora; kwa ng'ombe wa nyama wa huko huko, kubwa ndiyo bora. Angalia pia kiwango cha uhakika kilichoandikwa kando yake, kwani dume mwenye ndama wachache bado hajapimwa vya kutosha.

Mbegu za uhimilishaji zinazopatikana kwenye vituo vya Kabete nchini Kenya au Usa River, Arusha, zinaweza kuwa za madume wa ndani ama wa nje. Kwa dume wa nje, asilimia ilipimwa kwa mitamba wa kwao, wenye miili na malisho tofauti. Itumie kulinganisha dume na dume. Isichukuliwe kuwa ahadi kwa zizi lako.

Aina ya ng'ombe nayo ina uzito. Ndama wa Friesian huzaliwa na takriban kilo 40, wa Jersey takriban 25, kwa hiyo mbegu ya Jersey humfaa mtamba mwenye umbo dogo. Mbegu za kupata majike nazo husaidia, kwa kuwa ndama jike huwa mwepesi kidogo kuliko dume.

Mpandishe mtamba anapofikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake, kisha endelea kumlisha vizuri. Kumpunguzia chakula miezi 3 ya mwisho ili ndama awe mdogo hupunguza kilo chache tu, na humfikisha siku ya kuzaa akiwa hana nguvu za kusukuma.