Kiti cha Benki ya Dunia hakileti barabara Mbeya

Jumamosi, kwenye kikao cha harusi pale Uyole, nimeulizwa tena. Safari hii ni mjomba wangu, mbele ya watu wasiopungua thelathini: "Mpwa wangu, wewe ulikuwa Hazina. Kwa nini msimpeleke mtoto wa huku Benki ya Dunia, hii njia nne ifike Tunduma haraka?" Watu wakapiga makofi. Kilikuwa kikao cha michango, na mjomba hakatizwi mbele za watu. Lakini nimelisikia swali hili mara nyingi mno, kwa hiyo najibu hapa.

Tumalizane kwanza na gavana, maana watu humchanganya na mwenye kiti anachokisema mjomba. Kila nchi mwanachama ina gavana wake kwenye Benki; kwa kawaida ni Waziri wa Fedha, wala si lazima awe yule wa Benki Kuu anayesaini noti. Magavana hukutana mara chache. Kazi ya kila wiki iko mikononi mwa wakurugenzi watendaji 25 wanaokaa Washington, yaani Bodi, na nafasi ya mkurugenzi ndiyo kiti anachokisema mjomba.

Marekani ina mkurugenzi wake peke yake. China, Japani na Ujerumani vilevile. Sisi tumo kwenye kundi la nchi 22 za Afrika, pamoja na Kenya, Uganda, Malawi, Zambia, Msumbiji, Ethiopia na nyingine. Nchi 22, mdomo mmoja.

Hapa ndipo watu wananikera, kwa sababu hawataki kusikia: kura za nchi hizo haziruhusiwi kugawanywa. Malawi ikitaka ndiyo na Zambia ikataka hapana, mkurugenzi hawezi kumpa kila mmoja chake. Anachagua upande mmoja na furushi zima linakwenda huko, au anajizuia kupiga kura na zote zinajizuia pamoja naye. Na mara nyingi kura hata hazihesabiwi, Bodi huafikiana. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo aliombee fungu Jiji la Mbeya kwa mlango upi? Mkurugenzi habuni mikopo. Serikali huomba, wataalamu wa Benki huchambua, menejimenti hupeleka andiko mezani, ndipo Bodi inaamua. Akianza kupigia debe mkoa wa kwao, nchi nyingine 21 zitamuuliza anamsemea nani.

Uteuzi wenyewe nao hauendi kama mnavyodhani. Kundi letu huzungusha kiti kwa miaka miwili miwili: Uganda, ikaja Botswana, ikaja Burundi, na Novemba 2024 kikafika kwa Mtanzania. Magazeti yalipoandika, jambo lilikuwa limeshaiva zamani, maana anayekuja kuwa mkurugenzi huwa ametangulia kukaa kama mbadala wa aliyepo. Ukitaka kuhoji sifa za mtu, hoji siku nchi inapopeleka jina la mbadala. Siku hiyo hakuna anayepiga simu redioni. Na nchi 22 zikizunguka zote, ni miaka 44 mpaka zamu irudi.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi halijanitulia. Mkurugenzi analipwa na Benki na ana wajibu kwa Benki, na papo hapo ni sauti ya serikali zilizomchagua. Tulifundishwa kwamba kofia hizo mbili hazigombani. Nina shaka, na mfano uko hapa hapa kwetu. Mwaka 2017 Bodi iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa utalii wa kusini, REGROW, uliogusa Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2023 wananchi wa pembezoni mwa hifadhi walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki, ambalo huripoti kwa Bodi hiyohiyo anamokaa mkurugenzi wetu. Bodi ikaridhia uchunguzi Novemba mwaka huo. Aprili 2024 fedha zikasimamishwa, na Novemba mradi ukafungwa.

Mkulima wa mpunga wa Mbarali, huko pembezoni mwa Ruaha, hakupitia kwa mkurugenzi wa kundi letu, na mfumo haukumtaka apitie huko. Mkurugenzi huyo amechaguliwa na serikali, na mkulima alikuwa akiulalamikia mradi wa serikali. Nimeligeuza hili miaka mingi na bado sioni mtu mmoja angewezaje kuwabeba wote wawili kwa uaminifu uleule. Kwa hiyo anayesema "mtu wetu yuko kule" aseme kwanza "wetu" ni akina nani.

Mjomba, njia nne ina wenyewe, nao hawako Washington. Bajeti ya Wizara ya Ujenzi husomwa Dodoma kila mwaka, na mbunge wako anakaa humo ukumbini. Mpigie. Namba yake unayo; ulimpigia wewe mwenyewe ukimwomba mchango wa harusi.