Maotea kwenye miche ya michungwa: yanayosemwa na ukweli wake

"Mche wangu una nguvu, unachipua mpaka chini." Nikisikia hivyo huwa naomba nionyeshwe kovu la kubebeshea, yaani pale mchungwa ulipounganishwa na shina la mti mwingine. Michungwa mingi ya Muheza imebebeshwa juu ya shina la mlimao, kwa hiyo kila kinachochipua chini ya kovu ni mlimao. Hayo ndiyo maotea. Una miiba, unakua haraka, na ukiachwa huinyima chakula michungwa uliyoinunua kwa bei. Miaka michache baadaye unavuna malimao.

"Dawa ya kuzuia maotea ni sawa na dawa ya magugu." Hapa ndipo miche hufa. Glaifoseti, dawa ya magugu, ikigusa majani ya otea hushuka hadi kwenye mizizi, na mizizi hiyo ndiyo inayolisha mchungwa wako. NAA, dawa yenyewe ya kuzuia maotea, ni kitu kingine. Ncha ya mti hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka na kuyalaza macho yaliyo chini, yaani sehemu za gome zinazoweza kuchipua. Ndiyo maana ukikata ncha, macho huamka. NAA ni auksini ya maabara. Ikipakwa kwenye gome baada ya maotea kuondolewa, huendeleza kazi hiyohiyo.

"Ikizidi kipimo, inafanya kazi zaidi." Hapana. Dawa hii ina nguvu kubwa. Wakulima wa tufaha hupunguza matunda machanga kwa NAA ya sehemu 5 hadi 20 tu katika milioni, wakati ya kupaka kwenye gome hufika asilimia 1, yaani sehemu 10,000. Ikirukia majani, hujikunja na ncha hudumaa. Mche mdogo majani yake yako karibu na ardhi, kwa hiyo tumia brashi, wala si bomba la kunyunyizia. Usipake kwenye kovu, wala kwenye macho ya kikonyo (kipande cha mchungwa kilichobebeshwa) unayoyasubiri yachipue.

"Ukishapaka, basi." Nguvu yake huisha, na maotea hurudi.

Binafsi, kwa mwenye miche hamsini siishauri NAA kabisa. Inafaa shamba kubwa lisilo na mikono ya kutosha, tena kama lebo ya dawa inautaja mti wako. Otea bichi, fupi kuliko kidole, lisukume kwa dole gumba litoke na kitako chake. Ukilikata kwa panga unaacha kisiki chenye macho, na pale palipokuwa na moja yatatoka matatu.